Picha Moja Iliyobaki

Nikifungua mkoba wa kamera hii ndogo, harufu ya ngozi kuukuu na mafuta ya mashine hunirudisha kijijini Yakobi, asubuhi ya ukungu, bibi akisubiri gari la kumpeleka hospitali. Filamu ilikuwa imebakiza picha moja. Mama alipima umbali kwa macho, akazungusha lenzi, akanivisha kamera shingoni, kisha akaketi kando ya bibi.

"Piga wewe, mwanangu."

"Mtoto ataiharibu," bibi alisema.

"Haharibu, mama," mama alimjibu.

Nami nilijua siharibu. Nilibana pumzi, nikabonyeza.

Filamu iliposafishwa Makambako, bibi tulikuwa tumeshamzika. Lakini alionekana wazi kabisa, hata nyuzi za blanketi lake, akimcheka mama aliyefumba macho.