Aliyeshika Mkuki wa Mukajanga

Libère hakuua mtu. Hilo lieleweke kwanza, kwa sababu huko mtaani kwake Mutakura, kuanzia kwa wauza makaa mpaka saluni, wanasema kinyume chake, na wanaosema zaidi ni wale ambao wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe hawakuthubutu hata kuchungulia dirishani. Mkuki aliushika, ndiyo. Ulikuwa wa mti, umepakwa rangi ya fedha, na aliushika uwanjani mwa parokia kila tarehe tatu Juni, waumini walipoigiza mateso ya Mashahidi wa Uganda. Yeye alikuwa Mukajanga, mkuu wa wauaji.

Nafasi hiyo hakuna aliyeitaka. Kila mwanaume alitaka kuwa shahidi Karoli Lwanga, afungwe kwenye matete ya kuchomewa, asali kwa sauti, mama wa kwaya wamlilie. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu. Nani angesimama na mkuki mbele ya majirani, ili kesho waseme, "Umeona anavyojua kuushika?" Mchezo ukakwama. Ndipo Libère, mwalimu wa hesabu, mtu aliyeshindwa hata kumchinja kuku wa Noeli, akajitolea.

"We unatafuta nini huko?" mkewe, Léoncie, alimfokea. "Wacha wengine."

"Wengine wanaogopa. Mi naujua mukono wangu."

Na aliigiza vizuri mno. Kosa lake ndilo hilo. Pale Mukajanga anapombembeleza Mbaga, kijana wa nyumbani mwake, aikane imani apate kuishi, na kijana anakataa, Libère alilia machozi ya kweli. Watu wakasema yule analilia dhambi zake. Maneno yakatoka parokiani yakaingia sokoni. Wakakumbuka kwamba wakati wa vita alitoweka mtaani kwa miezi, wakajaza wenyewe alichokuwa akifanya. Hata figo zilipomuua, mwaka juzi, walisema ni malipo.

Léoncie alinyamaza. Alikuwa amefundisha Kifaransa mpaka akastaafu, na hakuona sababu ya kujieleza kwa watu waliojifunza kusoma darasani kwake. Lakini Jumamosi ile, watu wa Maxime walipokuja kumposa binti yake, Orlane, kunyamaza hakukumsaidia tena.

Orlane alikuwa amefua mapazia wiki nzima. Jovithe, baba mdogo wa Maxime, alianza kwa utani:

"Essence ya magari imekosekana mujini, lakini mutoto wetu haachi kuja huku. Tumekuja kuangalia ni nini kinatumalizia essence."

"Karibuni," alijibu mzee Hamissi wa mtaa wa Buyenzi, rafiki wa marehemu, aliyesema kwa niaba ya familia ya binti. "Ila mujue, hapa si stesheni. Hakuna kujaza na kuondoka!"

Wakacheka. Kreti za vinywaji zikaingia. Kisha Carmen, shangazi wa Maxime, akaweka glasi chini.

"Mama Orlane, tusifichane. Kuna maneno. Mi siwezi kupeleka mutoto wetu mahali nisipojua. Marehemu alikuwa wapi wakati wa vita?"

Orlane alisimama mlangoni na sinia mkononi.

"Alikuwa kwangu!" Hamissi alifoka. "Mbavu zimevunjika, namulisha uji kama mutoto! Na waliomuvunja—"

"Hamissi." Léoncie hakupandisha sauti. Mzee akakaa.

Akawageukia wageni. "Kulikuwa na mama na watoto wake, tumewaficha juu ya dari yetu. Waliokuja asubuhi ile walimwambia Libère aelekeze kidole tu, watamwacha. Akasimama mlangoni. Walimpiga, naye akawa anasali Salamu Maria kwa sauti, kwa sababu mtoto mmoja alikuwa na kikohozi. Hawakuingia. Wale watoto wako hai."

Carmen akafanya ishara ya msalaba.

"Na ulikuwa umenyamazia haya yote? Ni nani hao waliomupiga? Wako huku bado?"

Wako. Mmoja humpa Léoncie mkono wa amani kanisani kila Jumapili, naye huupokea. Ana watoto wanaosoma, na watoto hao hawajui. Libère alilazimisha ahadi ya kutowataja akiwa bado hawezi kugeuka kitandani, kisha akafa akamwachia yeye kuibeba. Siku nyingine Léoncie humkasirikia kwa hilo kuliko anavyowakasirikia wanaomsengenya. Jina moja tu lingefunga midomo ya mtaa mzima.

"Sitasema," alisema.

"Jina moja, Mama Orlane," Jovithe alisihi. "Tukienda bila ushahidi, wakubwa wetu watasema ni hadithi tu ya mujane. Hii posa itakufa."

Léoncie alimtazama binti yake. Orlane alikuwa analia, lakini alitikisa kichwa: hapana. Akaweka sinia mezani, akaja kusimama nyuma ya kiti cha mama yake.

"Mmemsikia," Léoncie alisema. "Mume wangu alikataa kuonyesha mtu kwa kidole, na alijua atalipia nini. Mnataka mimi nimwonyeshe mtu kwa kidole ili binti yangu apate harusi? Kama Maxime anamtaka Orlane, aje. Kama mnataka jina, bebeni kreti zenu, hata hizo mlizofungua. Nimesema nililosema. Siongezi."