Nyumba Tuliyoinunua kwa Kunong'ona

Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, kiwanja hakiuzwi. Ardhi ni ya serikali; umepewa ulime na ujenge, basi. Lakini watu wanahama, wanaoana, wanagombana, kwa hiyo viwanja vinauzwa kila siku, ila kwa kunong'ona. Mlango unafungwa, mnunuzi anasema amenunua mabati tu, na jirani anajifanya kiziwi. Sisi tuliotoka Kivu tulikuwa tumeishi hivyo miaka kumi, hata tukasahau kwamba kuna namna nyingine ya kununua.

Nilikuwa nikipeleka maharage Mbarara. Mteja wangu mmoja, mzee wa Kabingo, akaniambia anauza vyumba vyake vya kupangisha kule Kakiika, pembeni mwa mji. Vilikuwa vitano kwenye mstari mmoja, vya zamani, mabati yameshika kutu, plasta imebanduka, na choo ambacho sikutaka kukikaribia mara ya pili. Ila vyote vilikuwa na wapangaji. Nikamwambia mume wangu kwamba nyumba mpya itatula miaka mingi kabla haijatulisha, lakini hii kuukuu italipa tangu mwezi wa kwanza.

Yeye alikuwa na hofu yake. Tulikuwa tunangoja kuitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa ng'ambo, na kambini walisema mwenye nyumba mjini huondolewa kwenye orodha. Kama ni kweli, sijui mpaka leo.

"Mama, batu bakijua, tumekwisha," aliniambia. "Tununue, lakini mutu asituone."

Tukanunua vile tulivyojua. Tulijifungia chumbani na yule mzee, tukaandikiana, tukalipa, kila mtu akaondoka na njia yake. Akiba yetu yote ilibaki mle.

Mwezi ulipoisha nikaenda kuchukua kodi. Nilimkuta mwanamke mtu mzima amekaa kibarazani, wapangaji wamemzunguka. Alikuwa mke wa yule mzee.

"Nyabo, mama, nani aliona wewe ukinunua?" aliniuliza. "Mimi bibi yake sikuona. Jirani hakuona. Nyumba si kuku ya kuficha kwa kikapu."

Mwenyekiti wa kijiji akaitwa, akanitazama kama anavyotazamwa mwizi. Ndipo akanieleza jambo ambalo kila mtoto wa pale alilijua: mke wa muuzaji awepo, majirani wa pande zote waje, mpaka wa kiwanja utembewe kwa miguu, soda inywewe. Kisichoonekana hakijanunuliwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulificha, tukakaa tunangoja kuzaa.

Yule mama hakukataa kuuza. Alikataa kufichwa, na nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mumewe alikubali kumpa fungu lake la pesa mbele ya watu.

"Mrudie upya," mwenyekiti alisema. "Na wewe kuja na mzee yako. Hakuna yeye, mimi sijui nyinyi."

Nilimsihi mume wangu wiki nzima. Alisema Kakiika wanapita watu wengi wa Nakivale, na mdomo wa mtu mmoja unatosha. "Enda weye peke yako," alinijibu, akageukia ukutani. Nilimkasirikia, na nilimwonea huruma pia, kwa sababu nami nilikuwa na hofu ileile.

Siku yenyewe nilifika na kreti za soda. Uwanja ulijaa watu nisiowajua, nami nikaona kila mmoja ana macho ya kutupeleka ofisi ya kambi. Mwenyekiti akauliza mume wangu yuko wapi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme anaumwa.

"Ni miye," mtu alisema kutoka barabarani, kati ya waendesha pikipiki. Akavua kofia aliyokuwa ameishusha hadi machoni, akarudia kwa nguvu: "Bwana yake ni miye. Tunatoka Nakivale."

Tukatembea mpaka wote, mkono wake ndani ya wangu.

Nyumba ni yetu. Ng'ambo hatujaitwa. Wako wasio na nyumba popote ambao nao hawajaitwa, kwa hiyo hakuna wa kuniambia kama ni vile vyumba vitano vilivyotuzuia. Mume wangu hajanilaumu hata siku moja. Jirani akipata safari ya ng'ambo, yeye humbebea mzigo na kumsindikiza hadi kwenye basi, anasimama pale mpaka liondoke. Kisha anarudi nyumbani, anakaa, ananiuliza kama wapangaji wa Kakiika wamelipa. Nami humjibu wamelipa, hata kama hawajalipa.