Hosiyat Amega Mkate Bustanini

Hosiyat hakuwahi kukaa kitako mpaka chai ikapoa. Majirani zake wa Samarkandi walisema siku ya harusi yake alitoka katikati ya ngoma kwenda kuangalia kama ng'ombe wa baba yake amepewa maji, na kwamba hata kivuli chake kilikuwa kikimwomba wapumzike kidogo. Alishona majoho ya wanawake kwa cherehani ya kukanyaga, na cherehani yenyewe ilibaki ikitikisika akishafika sokoni. Marehemu mumewe alimwachia binti mmoja tu, Zulhumor, mtulivu kama jiwe la kisima.

Zulhumor alikuwa amefika umri ambao mashangazi huanza kuulizana maswali. Mshenga akaleta habari za kijana wa upande wa pili wa mji, fundi wa meno, ikapangwa kama kawaida: vijana wakutane kwanza peke yao, kwenye bustani kubwa ya michinari, ile miti mipana ya kivuli. Wakipendana, ndipo familia zikutane na wazee wamege mkate pamoja. Mkate ukishamegwa, binti ni mchumba wa mtu, na kurudi nyuma ni aibu ya ukoo mzima.

"Mama, wewe utabaki nyumbani," Zulhumor alisema akifunga kilemba.

"Niende wapi? Nina majoho ya watu hapa."

"Nakujua. Apa."

"Siapishwi na mtoto niliyemnyonyesha. Nenda, usimweke mwenzio juani."

Binti akatoka. Hosiyat akakanyaga cherehani, akashona mkono wa joho mahali pa kola, akafumua. Akapiga deki ukumbi uliokwisha pigwa deki. Halafu akafunga mkate kwenye kitambaa, eti mtoto asije akashikwa na njaa, akatoka mbio bila kufunga mlango.

Kivuli cha michinari ile ni kizito, kunguru hulala humo adhuhuri wakidhani kumekuchwa. Hosiyat akapita nyuma ya wazee waliokuwa wakicheza sataranji, akaliona benchi nyuma ya mawaridi, mbali kidogo na pale Zulhumor alipokaa na kijana. Lakini benchi lilikuwa na mwenyewe: mwanamke mnene aliyefungua mwavuli kivulini.

"Jua limekuzidi, dada?" Hosiyat aliuliza.

"Macho yangu mabovu. Na wewe, mbona umeinama kama umedondosha pete?"

"Mgongo."

Wakakaa, kila mmoja akinyoosha shingo kivyake. Hosiyat akainuka, akaketi. Akaenda kwa muuza aiskrimu, akarudi mikono mitupu.

"Dada, tulia," mwenye mwavuli akasema. "Benchi linaruka kama mkokoteni. Utanitapisha."

"Nikila nitatulia."

Akafungua kitambaa. Mkate wa Samarkandi ni mnene, hauvunjiki kwa mkono wa mtu mwenye wasiwasi. "Hebu shika huko," akasema. Mwenzake akashika, wakavuta, ukapasuka.

Walikuwa midomo imejaa pale Zulhumor alipoinuka akaja moja kwa moja kwao, kijana nyuma yake.

"Mama," Zulhumor alimwambia Hosiyat.

"Mama?" kijana alimwambia mwenye mwavuli.

Mwanamke yule, Saodat, akatazama vipande mapajani mwake, akatazama vya Hosiyat. Uso ukamfunguka kama tikiti lililokatwa.

"Basi imekwisha. Mkate umemegwa, mama kwa mama. Doston, msalimie mkweo."

"Sisi tumekubaliana tusioane," alisema Zulhumor.

"Mama, nilikwambia habari za Feruza," Doston akanong'ona akitazama viatu.

"Huyo Feruza hakuna aliyemmegea mkate."

Hosiyat alikuwa ameitaka ndoa hii kwa moyo wote. Magodoro ya harusi alikwisha kuyashona, yamerundikana hadi darini. Alichotakiwa kufanya sasa ni kunyamaza tu. Na kweli alinyamaza, akakaa kimya hata benchi likashangaa. Zulhumor hakulia wala hakusihi. Alikumbatia mkoba wake.

"Mama, sema neno."

Hosiyat akainuka na kipande chake, akaenda kwa wacheza sataranji. "Babu, shika huku uvute." Ukameguka. "Na wewe. Na wewe mwenye fimbo, acha farasi wako." Akammegea na muuza aiskrimu. Akarudi na kipande kidogo kama sikio la paka.

"Dada Saodat, kama mkate wa benchini ni uchumba, mimi nimeshaposwa na wazee wale wote na muuza aiskrimu. Niambie, nianze na harusi ya nani?"

"Aanze na mimi," mwenye fimbo akaitikia, "mimi ndiye mkubwa, sina muda."

Saodat alijizuia asicheke, lakini mwavuli ulikuwa ukitetemeka. "Wewe mwanamke si mzima."

"Si mzima. Lakini binti yangu haolewi kwa njaa ya mama yake."

Saodat akafunga mwavuli, akapangusa makombo, akamshika mwanawe mkono wa shati. "Huyo Feruza wako," walisikika wakielekea barabarani, "pilau anaijua, au anajua kupaka wanja tu?"

Zulhumor akaketi, akapigapiga benchi ubavuni mwake. Hosiyat akakaa. Hata hajapata joto, akaanza, "Mshenga alimtaja na kijana mwingine, dereva wa treni, mtaratibu..."

"Mama."

"Nimenyamaza."

Na alinyamaza kweli, mpaka langoni.