Filamu ya Milioni Kumi na Nne

Jumamosi ile ningali naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyosema uongo redioni nikiwa nimevaa gomesi mpya, gauni letu la sherehe. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Filamu yangu ya kwanza, *Chumba cha Nyuma*, ilikuwa inaoneshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi mmoja hapa Kampala, nami nilisimama mlangoni nikijiona mtu mkubwa.

Ilikuwa hadithi ya mjane ambaye mashemeji zake wanamhamishia chumba cha nyuma, katika nyumba aliyoijenga na mumewe. Tuliitengeneza kwa shilingi milioni kumi na nne. Sita zilikuwa akiba yangu ya miaka minne ya kupiga video za harusi. Nane alinipa Mama Furaha, Mkongomani aliyeuza vitenge soko la Nakawa. Nilimsimulia hadithi nikiwa nimeketi juu ya marobota yake. Nilipomaliza alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema, "Mi nilipita mule mule, dada. Fanya iyo filme." Mjane aliigizwa na Namata, muuguzi wa hospitali ya Mulago, aliyekuja siku zake za mapumziko tu, kwa malipo ya laki mbili. Nyumba tuliyotumia ilikuwa ya baba yangu. Wiki tatu nzima mama alipika matoke ya watu kumi na sita, na baba, sheikh wa watu, akapitia mlango wa jikoni kwenye nyumba yake mwenyewe ili asikanyage nyaya zetu. Hakulalamika hata mara moja. Mpaka leo nikilikumbuka hilo kifua kinanijaa.

Sasa, siku mbili kabla ya onyesho, niliona tiketi haziendi. Nikaingiwa na hofu. Nikachukua vitita vya tiketi nikaenda Wandegeya, kwenye hosteli za wanafunzi, nikazigawa bure kama vipeperushi vya mkutano wa injili. Kwa hiyo Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mwandishi wa redio akanisogelea na kinasa sauti, akauliza filamu imegharimu kiasi gani. Kando yangu alikuwepo bwana mmoja aliyekuwa akileta filamu za nje, amevaa suti. Nikaona aibu kuitaja milioni kumi na nne mbele ya suti ile.

"Milioni mia moja," nikasema. "Na kama unavyoona, tiketi zote zimenunuliwa."

Ilitoka mdomoni kwa urahisi sana. Nilirudi nyumbani nikijipongeza.

Jumatatu asubuhi nilikuwa bado nakunywa chai Mama Furaha alipoingia. Nyuma yake alikuwa Namata, na sare ya kazi chini ya koti. Taarifa ile aliisikia wodini, wagonjwa wakimpongeza kwa utajiri.

"Weye uliniambia kumi na nne," alisema Mama Furaha. "Ile ingine feza yote iko wapi? Na mi nilikupa na roho yangu."

Namata hakupaza sauti, aliniita kwa adabu kama anavyoitwa bibi yeyote. "Nyabo, filamu ya milioni mia, na mimi nimepata laki mbili? Nilikuwa nakuja kwako nikitoka zamu, sijalala. Sirudi tena kwenye maonyesho yako. Nifutie jina langu kwenye bango."

Nilijaribu kueleza kwamba yalikuwa maneno ya redio tu, ya kutafuta soko. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Wakaondoka bila kugusa chai, na kwetu, mwanangu, mgeni hajawahi kuondoka bila kugusa chai.

Mjomba wangu Idi alikuwa chumba cha pili akisikia yote. Mjomba alikuwa ameuza tiketi mlangoni mwa sinema moja ya mjini kwa miaka mingi, mpaka sinema ile ikafungwa ikawa kanisa. Jumamosi ndiye niliyemweka mlangoni. Akaja akaketi, akatoa mfukoni bahasha yenye vipande vya tiketi.

"Waliolipa ni hawa," akasema. "Watu thelathini na mmoja."

Nikainamisha kichwa. Nilidhani atanikemea kwa uongo, lakini hasira yake ilikuwa juu ya jambo jingine kabisa.

"Yupo mama mmoja alikuja na binti zake wawili. Alifungua leso, akahesabu pesa mara mbili, akanikabidhi elfu thelathini. Mwisho wa filamu nilimwona amekaa tu, hataki kutoka. Hadija, wewe umesimama redioni ukamwambia mama yule kwamba yeye si kitu, kwamba mpaka ubuni watu mia tatu ndiyo filamu yako iwe na heshima. Mimi nimeuza tiketi umri wangu wote. Sijawahi kumdharau mtu aliyelipa."

Nililia pale pale mbele ya mjomba, mimi niliyekuwa nimejizoesha kuitwa mkurugenzi.

Jumapili iliyofuata niliwaita wote dukani kwa Mama Furaha, waigizaji, wapiga picha, hata aliyetupigia pasi nguo. Nikasoma bajeti kwa sauti, kuanzia mafuta ya jenereta mpaka chumvi ya jikoni kwa mama. Kisha nikasema mapato: laki tatu na elfu kumi. Nikasema nani nilimpa tiketi ya bure na kwa nini. Namata aliiomba ile karatasi, akaipitia mstari kwa mstari, akauliza, "Wewe mwenyewe umejilipa ngapi?"

"Sijajilipa."

Akaikunja karatasi, akanirudishia. "Haya," akasema. "Tuioneshe tena. Lakini safari hii tuseme ukweli."

Tukakodi ukumbi mdogo Wandegeya, elfu tano kwa kichwa. Nikaenda kwa mchapaji kuagiza bango, nikamwambia aandike: *Wameshalipa kuiona watu thelathini na mmoja. Njoo nawe.* Mchapaji alicheka mpaka akaegemea mashine. "Nyabo, hakuna mtu anaandika hivyo!" Nikamwambia aandike.

Watu walikuja, wengine kwa sababu ya kulicheka bango. Kila wiki tulichapa jingine lenye hesabu mpya. Baada ya kila onyesho Namata alisimama mbele akaongea na wajane, na Mama Furaha akawaleta wenzake kutoka Nakawa, safu nzima za vitenge. Wiki kumi na moja tulionesha. Watu elfu tatu na mia tisa walilipa. Tulipotoa kodi ya ukumbi na gharama za mabango, milioni kumi na nne zilikuwa zimerudi zote, na juu yake faida ya milioni moja na laki sita. Mama Furaha alipokea fungu lake kwa mikono miwili. Namata nilimwongezea laki nne, naye akazikataa mara moja tu, kwa adabu, kisha akazipokea.

Nimetengeneza filamu nyingine nane tangu hapo, na baadhi zimepata fedha nyingi kuliko ile. Lakini mtu akiniuliza nimefanya nini katika kazi hii, naitaja ile ya milioni kumi na nne, na naitaja kwa sauti.

Kwa hiyo nikuambie wazi, mwanangu unayeanza. Bajeti yako ikiwa ndogo, iseme ilivyo, maana ndani yake mna jasho la watu, na ukiiongeza unawafanya waonekane wamepunjwa. Watazamaji wakiwa wachache, waseme walivyo, uwashukuru. Usinunue watazamaji wa kwenye simu, usijaze viti kwa tiketi za bure halafu ukavuna sifa. Waliokuamini uwafungulie hesabu kabla hawajauliza. Na ukishakosea, kama nilivyokosea mimi, waite watu wale wale uliowakosea, usome hesabu ya kweli mbele yao.

Mungu akupe kazi ya kuonea fahari, akupe watu wa kukuambia ukweli ungali kijana, na akufikishe umri huu wangu ukiweza kuutazama uso wa kila aliyefanya kazi nawe. Amina, mwanangu.