Mapambo Yaliyoliwa na Mbuzi

Enzi zetu Krismasi haikununuliwa dukani, ilichimbwa. Korosho za mwisho zikishaokotwa na mvua za kwanza zikishagusa vumbi la Lulindi, mama zetu walitukabidhi vikapu na majembe yaliyochakaa, tukateremka bondeni kufuata udongo mweupe. Tulirudi weupe kuanzia nyusi hadi kucha, tukifukuzana na kutishana kwamba sisi ni mizimu, na mama akituona alisema lile neno lake la kila mwaka: "Udongo huu ni wa ukuta, si wa nyuso zenu." Udongo ulilowekwa kwenye ndoo, ukachujwa kwa kipande cha kanga kuukuu, kisha ukapakwa ukutani kwa tambara. Wewe uliyekulia Chiungutwa au Lukuledi unaijua harufu ile ya ukuta uliopakwa asubuhi na jua linaanza kuukausha. Kama ni mtu wa rangi za makopo, samahani, sina namna ya kukueleza.

Nyumba yetu ilikuwa ndogo: chumba cha wazazi, sebule ambayo usiku iligeuka chumba chetu watoto, na jiko la nje. Baba alikuwa mwalimu wa dini, na kanisa ndilo lililompeleka Lulindi. Nyumba ndogo ina neema yake, kwani haidai mapambo mengi. Chini ya ukuta mama alizungusha mkanda mweusi, rangi tuliyoipata kwa kuponda betri kuukuu za redio, na juu ya mkanda akachora kwa kidole mistari na pembetatu kama zile za vyungu vya kwao Newala. Vitambaa alivyofuma mwenyewe vilitandazwa kwenye viti, na kiti kilichokuwa kibovu zaidi ndicho kilichopata kitambaa kikubwa zaidi. Kwenye kona tuliweka pango la Betlehemu na sanamu za udongo tulizofinyanga wenyewe. Punda wetu alifanana na nguruwe, maana hakuna kati yetu aliyewahi kumwona punda, ila nguruwe tulimjua vizuri.

Lakini fahari yetu hasa ilikuwa minyororo ya karatasi. Tulikusanya magazeti ya zamani mwaka mzima, tukayakata vipande vyembamba, tukavichovya kwenye rangi ya kutia ukindu wa mikeka, nyekundu na zambarau, tukavianika. Vikikauka tuliviunganisha pete kwa pete kwa gundi ya uji wa muhogo. Mpishi wa gundi alikuwa dada Agnesi, mkubwa wetu. Sisi tuliomfuata tulikata na kubandika, na wadogo kabisa kazi yao ilikuwa kulamba vidole. Vijana wa leo wanaagiza mapambo kwa simu, kisha wanalalamika kwamba kuyafungua kwenye boksi kunachosha.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni ule bibi mzaa mama alipotangaza kuja. Bibi Esta hakuwa amewahi kukanyaga kwetu. Kwa desturi ya kwao, mwanamume akioa ndiye anayemfuata mke, anajenga kwa wakwe zake, na watoto wanahesabiwa upande wa mama. Baba alifanya kinyume, akamteremsha mama kutoka Newala kwa sababu ya kazi ya kanisa, na bibi alinuna miaka yote ile. Sasa akatuma ujumbe kwa dereva wa lori la korosho, na dereva akaufikisha mbele za watu bila kupunguza hata neno: "Nakuja Krismasi kumtazama mwanangu anavyokaa. Nikikuta anateseka narudi naye, na wajukuu zangu pia."

Hapo hapakuwa na utani. Lulindi tulipapenda, na habari za Newala ya siku zile tulishazisikia, watu kuteremka bonde zima kufuata ndoo moja ya maji. Zaidi ya hapo, tungemwacha baba peke yake, maana kazi yake ilikuwa huku. Baba akawa mpole kama mgonjwa. Mama alipaka nyumba udongo, na ilipokauka akaipaka tena. Kisha akaamuru kwamba mwaka huo minyororo isiishie kwenye boriti kama kawaida; iteremke mpaka chini na kuzunguka mlango wote, ili mama yake aione tangu njiani. Tulikata karatasi mpaka mkasi ukawa unatafuna badala ya kukata, na dada Agnesi akapika gundi sufuria baada ya sufuria.

Mchana wa mkesha wa Krismasi familia nzima tulikwenda njia panda kumpokea. Tulisimama juani na nguo za kanisani, tukitazama vumbi la kila gari. Kumbe lori lilipitia njia nyingine, likamshusha bibi upande wa pili wa kijiji, akaulizia nyumba ya mwalimu na kuonyeshwa. Tulipokata tamaa na kurudi, tulimkuta amekaa barazani, miguu kainyoosha, kifurushi pembeni, anatazama mlango wetu. Mlangoni alisimama beberu wa baba, ndevu zimegeuka zambarau, anamalizia pete ya mwisho. Wenzake wawili walikuwa sebuleni. Kila mnyororo walioufikia ulikuwa umekwisha, na kwenye boriti vilibaki vipande vinavyoning'inia.

"Shikamoo mama," mama alisema.

"Marahaba," bibi akajibu kwa Kiswahili chake cha Newala, ili na sisi wajukuu tusikie. "Kumbe huku kwenu nlango unaliwa."

Mama akakaa chini akalia. Nasi tukalia kwa kumfuata, kila mmoja akijiona tayari yuko Newala na ndoo kichwani. Baba, ambaye kwa heshima ya ukwe hakupaswa hata kumsogelea bibi, alipotelea nyuma ya nyumba, tukamsikia akifukuza kwa nguvu mbuzi ambao hawakuwa huko.

Bibi aliinuka taratibu. Akaokota kipande cha mnyororo, akakinusa, halafu akakilamba.

"Nani kapika gundi hii?"

"Mimi, bibi," dada Agnesi akasema, macho chini.

"Umetia chumvi. Mbuzi na chumvi hawaachani."

"Nimezoea, bibi. Uji wetu tunautia chumvi."

Na kweli. Sukari ilikuwa adimu miaka ile, kila uji wa nyumbani uliingia chumvi, na mkono ukishazoea hauulizi kama uji ni wa kunywa au wa kubandika. Bibi alimtazama dada, akamtazama beberu na ndevu zake, kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka akashika mbavu na kuegemea ukuta, na alipojitoa pale kiganja chake kilikuwa cheupe. Hapo ndipo alipouona ukuta wenyewe. Akaifuata ile mistari kwa kidole, polepole, kutoka mlangoni mpaka kwenye kona ya pango letu.

"Hii umechora wewe?"

"Mimi, mama."

"Ntu anayeteswa hana nafasi ya kuchora ukuta," bibi alisema. Akafungua kifurushi, akatoa kanga ya kazi, akajifunga kiunoni. "Leteni sufuria. Na chumvi ikae mbali."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu wetu hata maji ya kunywa hakuyangoja. Jioni yote tulikata magazeti yaliyosalia, na tulipoishiwa bibi akatufundisha kusokota maua kwa majani makavu ya mgomba. Yeye na mama walikaa bega kwa bega, wakibandika na kuongea Kimakonde kwa sauti ya chini. Sisi tuliokijua nusu nusu tulijifanya hatukijui kabisa. Mara mama akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kitoto namna ile, na siku hiyo ndipo nilipotambua kwamba hata mama yangu ni mtoto wa mtu. Nilifurahi mno, nikataka kulia tena, sijui kwa nini.

Kabla hatujakwenda kanisani bibi alisimama katikati ya sebule. Kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawasemezani ana kwa ana, alitugeukia sisi na kupaza sauti ipenye ukuta.

"Mwambieni baba yenu afunge mbuzi wake. Mwakani nikija, sitaki kubandika mara mbili."

Nyuma ya ukuta tulimsikia baba akiwajibu, si bibi, mbuzi: "Mmesikia."

Mwakani nikija. Mtu anayepanga kuja mwakani hana nia ya kuondoka na watu mwaka huu. Usiku ule tuliimba kanisani mpaka sauti zikakauka.

Leo naishi Masasi mjini, nyumba ina marumaru na dari nyeupe isiyohitaji udongo. Kwa jirani yangu kuna mti wa plastiki unaowaka taa na kuimba wenyewe, na watu waliouzunguka wamenyamaza, kila mmoja na simu yake. Sisemi ni vibaya. Taa zile hata mimi huzikodolea macho, na hakuna mbuzi anayezitamani. Ila mti ule unatoka kwenye boksi ukiwa umeshapambwa, na mgeni akifika hakuna kazi ya kumpa zaidi ya kuutazama.

Kitinda mimba wangu, Neema, aliolewa mwaka huu, na yuko Newala kwenye chumba na sebule cha kupanga. Juzi alinitumia video ya nyumba yake. Kapamba mwenyewe, nyota kazikata kwenye chupa za maji, maua kayashona kwa vipande vya vitenge, na sauti yake inasikika ikisema, "Mama, unaona? Na hapa je, unaona?" Chini akaandika nisijisumbue na safari, miguu yangu inavimba, video inatosha. Nilishaanza kumtumia yale maua mekundu na mikono inayopiga makofi tunayotumiana siku hizi, watu tukahesabu kwamba tumetembeleana. Kisha nikaicheza tena, nikamsikia anavyouliza. Alikuwa anauliza kweli.

Maua nimeyafuta. Nimemwandikia: Nakuja kesho, usimalize kupamba.