Moto wa Hariri

Pale kwenye ukumbi wa maigizo walimwita Bi Cheche, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika. Kazi yake ilikuwa kuwasha moto usiounguza. Alikata hariri nyepesi vipande vya ncha kali, kila kimoja na urefu wake, maana vikilingana hucheza kama askari gwarideni na mtazamaji hashtuki. Akavishona kwenye kasha la mbao, chini akaficha feni na taa za njano na za rangi ya chungwa. Mlio wa kuni zinazopasuka aliupata kwa kufikicha karatasi za plastiki karibu na kipaza sauti. Watu wa viti vya mbele walikuwa wakirudisha miguu nyuma bila kujijua.

"Bi Cheche, nilete birika tuchemshe chai?" seremala wa jukwaa alimtania.

"Lete tu, utainywa mwakani."

Moto wa kweli aliuogopa. Alipokuwa mtoto nyumba yao iliteketea, na ukoo mzima ulijua kwamba yeye ndiye aliyeiunguza. Baba alimpeleka akalelewe na shangazi. Hata alipoota mvi, akienda kumjulia hali mzee, kiberiti kilikuwa kikiondolewa mezani kimyakimya, kana kwamba kaingia mtoto mtundu.

Ukweli waliujua wawili. Aliyewasha mshumaa chini ya kitanda, akimtafuta mwanasesere wake, alikuwa mdogo wake. Baba alipouliza nani kafanya vile, yule mdogo alitetemeka hadi meno yakagongana. Dada mtu akamtazama, moyo ukamuuma, akasema, "Ni mimi, baba." Maneno yakishatoka hayarudi, naye hakutaka yarudi. Damu nzito kuliko maji.

Mdogo mtu akakua, akawa mtunzi wa michezo ya kuigiza, tena mwenye sifa. Siku moja akafika karakana ya dada yake, akasogeza vitambaa, akaketi juu ya meza.

"Dada, nina mchezo mpya. Kuna nyumba inaungua. Nataka moto wako, sitaki wa mtu mwingine."

"Nyumba ya nani?"

"Ya watu tu. Wewe nitengenezee moto, mengine niachie."

Bi Cheche alifurahi kama aliyepewa mkono wa sikukuu. Hawakuwahi kufanya kazi pamoja. Alishona, akafumua, akashona tena, mpaka ndimi za hariri zikapanda ukutani na kuramba dirisha.

Mchezo wenyewe hakuuona mzima hadi asubuhi ya onyesho, walipofanya jaribio la mwisho. Akiwa nyuma ya pazia, mkono kwenye swichi ya feni, alimwona msichana mkubwa akiwasha mshumaa makusudi chini ya kitanda cha mdogo wake, kwa wivu, kwa sababu mdogo alipendwa zaidi. Msichana yule aliitwa kwa jina alilokuwa akiitwa yeye utotoni.

Alimfuata mdogo wake chumba cha kuvalia.

"Yule ni mimi."

"Ni mchezo tu, dada."

"Na wivu umeutoa wapi?"

Mdogo mtu aliendelea kupanga kofia za waigizaji. "Hadithi inajulikana hivyo. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema kwa ajili yako!"

"Basi usianze kubadilisha leo. Baba yuko njiani."

Bi Cheche akarudi kwenye kasha lake. Waigizaji walikuwa hawajamkosea kitu. Alasiri ile moto ulipanda kuliko siku zote, na ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja.

Makofi yalipotulia baba alikuja nyuma ya jukwaa na mkongojo wake, macho yamelowa. Akamshika binti yake mkubwa mkono.

"Mwanangu, leo nimekuelewa. Ulikuwa mtoto, na wivu ni kitu kibaya. Nimekusamehe."

Juu ya bega la mzee, Bi Cheche alimtazama mdogo wake aliyekuwa amekumbatia maua. Akamngoja aseme neno. Mdogo mtu akainama, akanyoosha utepe wa maua.

"Baba, si mimi niliyewasha," Bi Cheche akasema. "Ni huyu."

Mzee akauondoa mkono wake. "Hata leo? Siku ya furaha ya mwenzako?"

"Twende, baba," mdogo mtu akasema kwa upole. "Dada amechoka."

Wakaondoka wameshikana. Seremala alikuwa amesikia yote. Hakutania. Alishika upande mmoja wa kasha, Bi Cheche wa pili, wakalibeba hadi nje.

Kesho yake simu ikalia. "Dada, watu wanaanza kuingia! Moto uko wapi?"

"Uko kwangu."

"Sasa mimi nitafanyaje?"

"Kuwasha si unajua mwenyewe?"

Mchezo uliendelea kwa taa nyekundu, na watu waliupenda hivyohivyo. Bi Cheche akahamia ukumbi mwingine. Kwa baba bado anakwenda, siku ambazo mdogo wake hayupo. Huongea habari za mvua na magoti yanayouma, na ile ya nyumba hakuna anayeigusa. Mtu akimuuliza kama ana ndugu, hujibu, "Ninaye," halafu huomba asogezewe mkasi.