Jina Alilolijua Okoth

Nawataja wote waliokuwepo siku ile, maana hata leo nikinusa samadi mbichi ya ng'ombe iliyopakwa sakafuni nawaona mmoja mmoja. Mwalimu, mezani na daftari lake la majina. Baba Mkubwa Obbo, kaka wa marehemu baba yetu. Shangazi Nyachwo, dada yao. Watoto wapatao thelathini, wamekaa chini. Mdogo wangu Okoth, mwenye miaka minane. Na mimi Athieno, miaka kumi na minne, nimesimama mlangoni kwa sababu shule haikuwa yangu tena.

Ilikuwa shule ya nyasi kule Mella, kijiji chetu cha mpakani, enzi za Waingereza, wakati kila nyumba ililima pamba. Wazazi wetu walikufa mwaka mmoja, mama akitangulia. Niliacha masomo darasa la tatu, nikabaki na Okoth.

Okoth hakumtazama mtu usoni. Watoto hujifunza kwa kuigana, mmoja akiruka wote wanaruka, lakini yeye angekaa kutwa nzima akipanga mbegu za pamba katika mstari. Kuku akiuvuruga mstari ule, alilia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Watoto walimwita Jiwe. "We Jiwe, nyoka huyo nyuma yako!" walimpigia kelele, kisha wakacheka kwa sababu hakugeuka. Siku hizi kuna neno, usonji. Wakati ule hatukuwa na neno, tulikuwa na maoni tu.

Mwalimu alitoka upande wa pili wa mpaka, mtu mkali lakini si mbaya. Nilipomwomba ampokee Okoth, alinyanyua kichwa kutoka daftarini. "Sikiliza, dada," akasema. "Siku ya kuandikisha nitamwita mara tatu. Akiitika, namchukua. Asipoitika, mrudishe kwenu. Mimi si yaya." Tangu hapo kila Jumamosi nilikwenda kupaka samadi sakafu ya darasa lake, ili asisahau alichoniambia.

Kumfundisha kulichukua kutoka mavuno ya wimbi, yaani ulezi, hadi pamba ilipokwisha kuchumwa. Hakuna aliyenionyesha namna, nilijaribu tu. Kila asubuhi, mahali palepale kando ya jiwe la kusagia, nilikaa nyuma yake, nikasema "Okoth," nikagonga ungo mara mbili, nikamnyanyua kwa makwapa na kumwambia sikioni, "Nipo." Kisha nikamtia ulimini mbegu za simsim zilizotwangwa, alizozipenda. Ili darasa lionekane darasa, niliandikisha mbuzi pia, na kwa wiki nyingi mbuzi ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu bora. Polepole niliacha ungo, nikaacha kumnyanyua, mwishowe nikaacha simsim. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama nasaga, nikaita jina lake bila hata kufikiri. Nyuma yangu nilisikia miguu ikisimama, na sauti isiyopanda wala kushuka ikasema, "Nipo."

Niliacha unga pale pale nikakimbilia kwa Shangazi.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nalo lilitokana na furaha. Shangazi alilia, akanikumbatia, kisha akasema, "Basi masikio yamefunguka. Sasa apewe jina lake lenyewe." Kwetu, mtoto akilia sana au akiugua ovyo, walisema kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Shangazi alikuwa ameamini kwa miaka mingi kwamba ni babu yetu Ofwono aliyemziba mtoto masikio, kwa kuwa jina lake halikurithiwa.

"Lakini, Shangazi, hili amelizoea," nilisema.

Baba Mkubwa, aliyekuwa amekaa uani na jamaa wengine, akacheka. "Athieno, mambo ya wafu umeyasomea darasa la ngapi?"

Wote walicheka. Nami nilicheka kidogo, kwa aibu.

Jumapili walichinja jogoo. Shangazi alimtia Okoth tonge la ugali wa wimbi mdomoni, akamwita Ofwono, akanigeukia mimi: "La zamani lisitajwe tena. Ukilitaja, babu atakasirika, ataondoka naye." Sikumpenda kwa neno hilo, lakini najua alilisema kwa kumpenda mtoto.

Kesho yake, siku ya kuandikisha, Baba Mkubwa alimwandikisha kwa jina jipya. Mwalimu akasimama, akaita, "Ofwono."

Okoth alikuwa akitazama mwanga uliopenya kwenye nyasi za paa.

"Ofwono." Watoto wakaanza kucheka. Mmoja akanong'ona, "Jiwe."

Mwalimu akaniangalia. Nadhani alikuwa ananisubiri. Shangazi naye akaniangalia, kidole juu ya midomo. Nilikuwa nimezika watu wawili kwa mwaka mmoja, na nyumbani nilikuwa na mmoja tu. Nilifunga mdomo.

"Ofwono." Kisha daftari likafungwa.

Tulipofika kijitoni, wakubwa wakiwa wametangulia mbali, nilishindwa kujizuia. Nilisema kwa sauti ya chini, "Okoth." Akasimama papo hapo, mikono imenyooka ubavuni kama nilivyomfundisha. "Nipo," akasema. Babu hakuja. Hapakuja mtu yeyote.

Hakwenda shule tena. Msimu wa kulima, Baba Mkubwa alimfunga kamba kiunoni asipotee, akamfunga kwenye nguzo ya ghala. Nilipoolewa Busia nilimchukua, nikaishi naye mpaka alipokufa akiwa mtu mzima. Jikoni nilimwita Okoth. Wageni wakiingia nilimwita Ofwono, na mwishowe yeye akawa hageuki kwa jina lolote.

Uzeeni, mwalimu wa mjukuu wangu alinieleza kwamba watoto wa namna ile hushika jambo pamoja na mahali pake, sauti yake na neno lake, na ukibadilisha kimoja huenda vikapotea vyote. Alinieleza taratibu, akidhani ananifundisha kitu kipya. Sikumwambia kwamba nilikijua nikiwa na miaka kumi na minne, wala kwamba siku moja kulihitajika neno moja tu kutoka mlangoni.

Siku ya kumzika Okoth, wazee waliniambia mimi, mkubwa wake, niseme tunamzika nani. Watu walikuwa wengi. Nikasema, "Ofwono."

Mara mbili alinihitaji mbele ya watu, na mara zote mbili nilikuwepo, lakini sikulitaja jina lake. Hilo bado ananidai.